Kwa nini uhuru wa Zimbabwe ulichelewa: koloni ambalo London haikuwahi kulishika

Tarehe 31 Desemba 1963 Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland lilivunjwa. Nchi zilizounda shirikisho hilo zilikuwa tatu. Nyasaland ikawa Malawi huru Julai 1964, na Rhodesia ya Kaskazini ikawa Zambia huru Oktoba mwaka huohuo. Ya tatu, Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, ilisubiri hadi 18 Aprili 1980, na ilifika hapo baada ya vita vilivyoua makumi ya maelfu ya watu. Zote zilikuwa chini ya Malkia mmoja na serikali moja ya London. Iweje mbili zitoke kwa mazungumzo na kura, na ya tatu itoke kwa damu miaka kumi na sita baadaye?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba walowezi wa Rhodesia ya Kusini walikuwa wengi. Ni kweli. Mwaka 1960 walikuwa kama 220,000, wakati Kenya walikuwa kama 60,000. Lakini Algeria ilikuwa na Wazungu karibu milioni moja, na pamoja na vita vikali ikapata uhuru mwaka 1962. Kwa hiyo wingi peke yake hautoshi kueleza. Linaloeleza zaidi ni swali la nani alikuwa ameshika polisi, jeshi, hazina na daftari la ardhi. Algeria, jeshi lilikuwa la Ufaransa, na Paris ilipoamua kuondoka, walowezi hawakuwa na dola yao ya kuizuia. Rhodesia ya Kusini, tangu siku ya kwanza, vitu hivyo vinne havikuwahi kuwa mikononi mwa London. Kwanza vilishikwa na kampuni, kisha vikashikwa na walowezi wenyewe. Uingereza ilibaki na saini tu.

Nchi iliyopewa kampuni

Mwaka 1888 Lobengula, mfalme wa Wandebele, alikuwa amezingirwa na wageni kwenye makao yake ya Bulawayo. Makaburu wa Transvaal, Wareno na Waingereza walitaka kila mmoja aweke alama yake kwenye karatasi yao. Tarehe 30 Oktoba alitia muhuri mkataba na Charles Rudd, mjumbe wa Cecil Rhodes, tajiri wa almasi wa Kimberley.

Mkataba huo unastahili kusomwa taratibu. Lobengula aliahidiwa pauni 100 kila mwezi, bunduki 1,000 za Martini-Henry, risasi 100,000, na boti ya mvuke yenye silaha kwa ajili ya mto Zambezi, au pauni 500 badala ya boti. Rudd na wenzake walipata haki ya peke yao juu ya madini yote ya nchi, pamoja na uwezo wa kufanya lolote watakaloona linahitajika ili kuyapata. Kwa mdomo waliahidi mengine: hawataleta wachimbaji zaidi ya kumi, hawatachimba karibu na miji, na watatii sheria za nchi kama watu wengine wa mfalme. Mkalimani alikuwa mmisionari Charles Helm, na ni yeye aliyekuja kuandika kuhusu ahadi hizo katika barua. Ndani ya mkataba wenyewe hazimo.

Lobengula alipoelewa alichotia muhuri, aliukana. Aliwatuma wakuu wake wawili, Babayane na Mshete, hadi London wakazungumze na Malkia Victoria. Walipokewa, wakaonyeshwa fahari ya mji, wakarudi. Tarehe 29 Oktoba 1889, mwaka mmoja kasoro siku moja tangu muhuri ule upigwe, Malkia aliipa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini, kampuni ya Rhodes, hati ya kifalme ya kutunga sheria, kuweka polisi, kugawa ardhi na kutawala.

Serikali ya Uingereza ilikuwa na sababu yake, nayo ilikuwa fedha. Ilitaka eneo lile lisiangukie kwa Wareno wala Wajerumani, lakini haikutaka kulilipia. Kampuni iliahidi kugharamia kila kitu kwa mtaji wa wanahisa wake. Uamuzi huo wa kubana matumizi ndio mzizi wa yote yaliyofuata: kama polisi analipwa na kampuni, atatii kampuni.

Msafara wa kwanza uliingia mwaka 1890: walowezi kama 200 wakilindwa na askari wa kampuni kama 500. Kila mlowezi aliahidiwa ekari 3,000 za shamba na vitalu 15 vya dhahabu. Waliikwepa Bulawayo kwa mbali, wakaenda moja kwa moja nchi ya Washona, na Septemba 13 wakapandisha bendera mahali walipopaita Fort Salisbury, leo Harare. Mkataba wa Rudd ulihusu madini, haukutaja shamba hata moja. Isitoshe, sehemu kubwa ya nchi ya Washona haikuwa chini ya Lobengula kiasi cha kuweza kuigawa. Washona wenyewe hawakuulizwa na mtu yeyote.

Dhahabu haikupatikana kwa wingi uliotarajiwa, kwa hiyo macho yakageukia ardhi na ng'ombe. Mwaka 1893 kampuni ilivamia nchi ya Wandebele. Kila aliyejitolea kupigana aliahidiwa ekari 6,000 na fungu la mifugo itakayotekwa. Bunduki za rashasha za Maxim zilifanya kazi yake. Lobengula alikimbilia kaskazini na kufa mapema mwaka 1894. Watu wake wakatengewa maeneo mawili, Gwai na Shangani, yaliyokuwa makavu na mbali na makwao. Mwaka huohuo ikaja kodi ya nyumba, shilingi 10, ambayo kazi yake ilikuwa kumlazimisha mwanamume atoke akatafute kibarua kwenye shamba au mgodi wa Mzungu.

Machi 1896 Wandebele walinyanyuka, Juni wakafuata Washona. Hii ndiyo Chimurenga ya kwanza, yaani vita vya kwanza vya ukombozi. Katika miezi michache karibu mlowezi mmoja kati ya kumi aliuawa, na kampuni ililazimika kuokolewa na askari wa Dola la Uingereza. Kwa Wandebele, Rhodes alikwenda mwenyewe kwenye vilima vya Matopo kuzungumza na wakuu wao. Washona hawakupewa mazungumzo. Waliojificha mapangoni walilipuliwa kwa baruti. Charwe, mwanamke aliyekuwa chombo cha mzimu wa Nehanda, alinyongwa Salisbury Aprili 1898, yeye na Kaguvi. Miaka sabini na mitano baadaye vijana waliokuwa wakivuka mpaka na bunduki walikuwa wakiimba jina la Nehanda.

Kesi ya kuuliza ardhi ni ya nani

Kuna kesi moja ambayo haizungumzwi sana, nami naiona ni muhimu kuliko mapigano mengi. Mwaka 1914 walowezi na kampuni walianza kugombana: ardhi ambayo bado haijagawiwa ni mali ya nani? Kampuni ilisema ni yake. Walowezi walisema ni ya serikali ya nchi, wakimaanisha watakayoiunda wao. Palikuwa pia na mawakili waliosimama kwa niaba ya Waafrika. Suala likapelekwa London mbele ya majaji wa Baraza la Mfalme, mahakama ya mwisho kwa makoloni yote.

Uamuzi ulitoka Julai 1918. Majaji walisema hati ambayo kampuni iliitegemea kama msingi wa umiliki, hati iliyonunuliwa kutoka kwa Mjerumani Eduard Lippert aliyekuwa ameipata kwa Lobengula mwaka 1891, haikuwa na thamani ya kuipa kampuni ardhi. Miaka karibu thelathini kampuni ilikuwa imekata mashamba na kuyauza kwa hati isiyotosha. Lakini ardhi haikurudishwa kwa wenyewe. Majaji waliamua kwamba kwa ushindi wa vita vya 1893, ardhi isiyogawiwa ilikuwa ya Mfalme wa Uingereza, na kwamba Waafrika hawakuwa na dai linaloweza kusimama mahakamani. Yaani hati ilikuwa batili, ila utekaji ulikuwa halali. Na mashamba yaliyokwisha kugawiwa yakabaki kwa waliogawiwa.

Kwa kampuni hilo lilikuwa pigo. Kutawala bila kumiliki ardhi hakukuwa na faida kwa wanahisa, na ikataka kuondoka. Walowezi waliitwa kupiga kura tarehe 27 Oktoba 1922: wajiunge na Muungano wa Afrika Kusini au wajitawale? Waliochagua kujitawala walikuwa 8,774, waliotaka kuungana 5,989. Jumla haifiki 15,000, katika nchi yenye Waafrika zaidi ya laki nane. Sheria ya kura haikutaja rangi, ilitaja kipato, mali na kujua kuandika Kiingereza, na hayo yalitosha kuwaacha Waafrika nje, isipokuwa wachache mno.

Tarehe 12 Septemba 1923 Rhodesia ya Kusini ikawa rasmi koloni la Uingereza. Tarehe 1 Oktoba ikakabidhiwa serikali ya walowezi chini ya Charles Coghlan. Kati ya tarehe hizo kuna siku 19. Huo ndio muda ambao, hata kwenye makaratasi, ilikuwa koloni la kawaida.

Mwaka uleule, Kenya

Msomaji wa Afrika Mashariki atanufaika akitazama kilichotokea Nairobi mwaka huohuo. Walowezi wa Kenya walikuwa wakidai kitu kilekile, serikali yao wenyewe. Wahindi nao walikuwa wakidai haki sawa za kura na ardhi, na walowezi walifikia kupanga njama ya kumteka gavana. Gavana huyo alikuwa Robert Coryndon, mtu aliyeanza kazi akiwa kijana katika kampuni ya Rhodes, na aliyewahi kuongoza tume ya kupanga maeneo ya Waafrika huko Rhodesia ya Kusini. Kama kuna mtu ambaye walowezi wangemtegemea, ni yeye. Lakini Julai 1923 serikali ya London ilitoa Waraka wa Devonshire, uliosema Kenya ni nchi ya Waafrika na maslahi yao ndiyo yatakayotangulizwa yakigongana na ya wageni.

Waraka ule haukumrudishia Mkikuyu wala Mmasai hata ekari moja, na kipande, kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimika kukibeba, kiliendelea kuning'inia shingoni. Kikubwa ni kwamba uliacha madaraka ya mwisho Wizara ya Makoloni. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwaka 1952, askari waliokuja walikuwa wa Uingereza, chini ya jenerali wa Uingereza. Ukatili walioufanya unajulikana. Lakini ndiyo sababu mwaka 1960, London ilipoamua kwamba Kenya itatawaliwa na walio wengi, walowezi wa Kenya walilalamika, wakatukana, wengine wakauza mashamba, na hawakuweza kufanya zaidi ya hapo. Hawakuwa na jeshi. Wenzao wa Salisbury walikuwa nalo.

Rhodesia ya Kusini haikuongozwa na Wizara ya Makoloni. Kuanzia miaka ya 1920 mambo yake yalishughulikiwa na wizara iliyohusika na nchi kama Kanada na Australia, na waziri mkuu wake alizoea kukaa meza moja na mawaziri wakuu wa nchi hizo. Polisi wake waliendelea kuitwa Polisi wa Uingereza wa Afrika Kusini, jina la kampuni, mpaka mwaka 1980. London ilijiwekea haki ya kuzuia sheria za kibaguzi. Katika miaka yote hiyo haikuitumia kuzuia rasmi hata sheria moja.

Ramani ya 1930

Na sheria iliyostahili kuzuiwa ilikuwepo. Mwaka 1925 iliundwa tume ya ardhi chini ya Morris Carter, aliyekuwa ametoka kuwa Jaji Mkuu wa Tanganyika na kabla yake wa Uganda, na ambaye miaka ya 1930 angeongoza tume kama hiyo Kenya. Kutokana na mapendekezo yake ilipitishwa Sheria ya Kugawa Ardhi ya 1930. Nchi ilikuwa na ekari milioni 96. Wazungu, waliokuwa kama 50,000, walitengewa milioni 49. Maeneo ya Waafrika, waliozidi milioni moja, yalikuwa milioni 21 hivi. Zikaongezwa milioni 7.5 ambako Mwafrika mwenye fedha angeweza kununua shamba lake binafsi. Miji yote iliwekwa upande wa Wazungu, kwa hiyo Mwafrika wa Salisbury au Bulawayo alikuwa mpangaji anayevumiliwa, akiishi kwenye makazi maalumu na kubeba pasi mfukoni.

Watu hawakuhamishwa wote mara moja. Maelfu waliendelea kuishi kwenye ardhi ya mababu zao iliyokuwa sasa na mmiliki mweupe asiyeonekana, wakilipa kodi ya kupanga. Baada ya vita vya pili vya dunia mmiliki akaonekana. Wanajeshi wa Uingereza waliomaliza utumishi walivutwa kwa mashamba na mikopo, idadi ya Wazungu ikapanda kutoka kama 80,000 mwaka 1946 hadi zaidi ya 200,000 katika miaka kumi na mitano tu, na malori yakaanza kubeba familia za Kiafrika kuzipeleka kwenye maeneo yaliyokuwa yamejaa tayari. Mwaka 1951 ikaja sheria nyingine ya kupunguza ng'ombe na kugawa upya vishamba ndani ya maeneo hayo. Mtu ambaye baba yake alipoteza shamba sasa alipoteza na ng'ombe. Ukitafuta ni wapi chama cha ukombozi kilipata wanachama vijijini, anzia kwa ofisa aliyekuja kuhesabu mifugo.

Kwa nini 1963 ndiyo ilikuwa nafasi iliyopotea

Shirikisho lililoundwa mwaka 1953 liliunganisha shaba ya Zambia, nguvukazi ya Malawi na viwanda vya Salisbury. Liliitwa ubia wa rangi zote. Godfrey Huggins, aliyekuwa waziri mkuu wake wa kwanza, aliufananisha ubia huo na wa mpanda farasi na farasi wake, na watu wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini hawakuhitaji ufafanuzi zaidi. Nchi hizo mbili zilikuwa bado chini ya Wizara ya Makoloni. Ghasia za 1959 zilipotokea Nyasaland, London iliweza kutuma tume, kumfungua kutoka gerezani Kamuzu Banda, kiongozi wa wadai uhuru, kuandika katiba mpya na kuitisha uchaguzi. Kusini haikuweza. Huko kilipigwa marufuku chama kimoja baada ya kingine: ANC ya Joshua Nkomo mwaka 1959, NDP 1961, ZAPU 1962. Mwaka 1963 wapinzani wa Nkomo, wakiongozwa na Ndabaningi Sithole, walianzisha ZANU. Mgawanyiko huo uligharimu sana harakati, na ulidumu hadi ndani ya uhuru wenyewe.

Katiba ya 1961 ilikuwa imeongeza tatizo. Kwa kuwapa Waafrika njia ya kupata viti 15 hivi kati ya 65, London ilikubali kuachia hata ile haki ya kuzuia sheria ambayo haikuwa ikiitumia. Kisha shirikisho likavunjwa, na swali likawa: ndege na askari wake waende wapi? Kwenye mkutano wa Victoria Falls katikati ya 1963 ilikubaliwa kwamba karibu jeshi lote la anga, pamoja na ndege za kivita za Hunter na za mabomu za Canberra, libaki Salisbury. Nchi za Kiafrika zililiona hilo na zikalipeleka Baraza la Usalama Septemba mwaka huo, zikitaka Uingereza isikabidhi silaha hizo kwa serikali ya walowezi. Uingereza ilipiga kura ya turufu. Naamini hapo ndipo vita vilipoamuliwa. London ilikuwa na kitu kimoja cha maana mkononi, na ilikitoa kwa hiari.

Wakati huo Rhodesian Front, chama cha walowezi, kilikuwa tayari madarakani, na Aprili 1964 kikamweka Ian Smith, mkulima na rubani wa zamani wa vita. Alitaka uhuru kwa masharti ya walowezi. Harold Wilson, waziri mkuu wa Uingereza, alikataa, lakini hata kabla ya siku yenyewe alitangaza hadharani kwamba hatatumia nguvu. Tarehe 11 Novemba 1965 Smith alitia saini tangazo la uhuru chini ya picha ya Malkia, na maandishi yake yakaishia kwa kumwombea Malkia baraka.

Gavana Humphrey Gibbs, mwakilishi wa Malkia, alimfukuza kazi Smith na baraza lake lote siku hiyohiyo. Kisheria alikuwa na uwezo huo. Smith alibaki ofisini. Aliyekatiwa simu ni gavana. Gibbs aliendelea kukaa katika nyumba yake ya serikali hadi mwaka 1969 akiwa gavana halali asiyeamuru hata polisi wa zamu. Machi 1968 jambo hilo lilionekana kwa namna ya kutisha: Waafrika watatu, James Dhlamini, Victor Mlambo na Duly Shadreck, walikuwa wamehukumiwa kunyongwa. Malkia aliwasamehe kifo. Salisbury ikawanyonga.

Nchi huru za Afrika zilikuwa zimelisema hili mapema. OAU, umoja wa nchi hizo, iliitaka Uingereza iuzime uasi ule, la sivyo wanachama wavunje uhusiano nayo. Tanzania ilivunja tarehe 15 Desemba 1965 na kupoteza mkopo wa pauni milioni 7.5, fedha nyingi mno kwa nchi changa. Zambia iliumia zaidi, kwa kuwa mafuta na reli yake vilipitia Rhodesia. Ndipo malori yakaanza kupita usiku na mchana kwenye barabara mbovu kutoka Dar es Salaam, hadi bomba la mafuta la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968 na reli ya TAZARA katikati ya miaka ya 1970. Vikwazo vya Umoja wa Mataifa vilivujishwa na Ureno na Afrika Kusini. Ripoti ya Bingham ya mwaka 1978 ilionyesha kwamba mafuta ya Smith yalikuwa yakitoka pia kwa makampuni ya Uingereza yenyewe, Shell na BP, na kwamba maofisa wa London walijua.

Vita, kisha koloni kwa miezi minne

Mapigano ya kwanza yanayokumbukwa ni ya Sinoia, leo Chinhoyi, Aprili 1966, ambako wapiganaji saba wa ZANU walikufa. Kwa miaka sita iliyofuata vita havikusonga sana, kwa sababu wapiganaji walilazimika kuvuka bonde la Zambezi na kuonekana kabla ya kufika kwenye vijiji. Mambo yalibadilika Desemba 1972, walipoanza kupita upande wa Msumbiji kwa msaada wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, na kushambulia mashamba ya kaskazini mashariki. Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975, mpaka wote wa mashariki, zaidi ya kilomita 1,000, ukawa wazi. Wengi wa wapiganaji wa ZANU walipitia mafunzo Tanzania, kwenye kambi ya Mgagao mkoani Iringa, na ni maofisa wa kambi hiyo waliotoa tamko la 1975 la kuwakataa viongozi wao wa zamani, lililomsafishia Robert Mugabe njia ya kuiongoza ZANU.

Gharama ya vita ilibebwa na watu wa vijijini. Serikali ya Smith iliwakusanya mamia ya maelfu ndani ya vijiji vilivyozungushiwa ua, wakitoka asubuhi kwa kuhesabiwa na kurudi kabla ya giza. Wapiganaji nao waliadhibu vikali waliowashuku kuwa wasaliti. Nje ya mpaka, kambi za Nyadzonya na Chimoio huko Msumbiji zilishambuliwa mwaka 1976 na 1977, na waliokufa humo ni pamoja na wanawake na watoto wengi wakimbizi.

Smith alijaribu kupata uhalali kwa kumpa askofu Abel Muzorewa uwaziri mkuu mwaka 1979, huku jeshi, polisi na mahakama vikibaki palepale. Hakuna nchi iliyoitambua serikali hiyo. Agosti mwaka huo, kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola mjini Lusaka, Kaunda, Nyerere na wenzao walimshawishi Margaret Thatcher akubali mkutano wa pande zote. Ulifanyika Lancaster House, London, kuanzia Septemba hadi Desemba chini ya Lord Carrington, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza.

Ufumbuzi uliopatikana ndio unaonyesha fundo lilikuwa wapi. Ili Uingereza iweze kutoa uhuru, ilibidi kwanza iipate nchi. Tarehe 11 Desemba 1979 bunge la Salisbury lilipiga kura kurudi kuwa koloni. Kesho yake Lord Soames alishuka kwenye ndege akiwa gavana, siku tisa kabla makubaliano ya amani hayajatiwa saini. Alikuja na kikosi cha Jumuiya ya Madola cha watu kama 1,500, wakiwemo askari wa Kenya, kuangalia wapiganaji zaidi ya 20,000 wakikusanyika kwenye vituo walivyopangiwa. Uchaguzi wa Februari 1980 uliipa ZANU ya Mugabe viti 57 kati ya 80 vya Waafrika, ZAPU ya Nkomo 20, na Muzorewa 3. Tangu Rhodes apate hati yake, hiyo miezi minne ndiyo pekee ambayo mtu wa London aliiongoza nchi hiyo kwa vitendo.

Ardhi ndiyo iliyokaribia kuvunja mazungumzo mwezi Oktoba. Walowezi walitengewa viti 20 kwa miaka saba, na katiba ikazuia kwa miaka kumi kuchukua shamba la mtu bila ridhaa yake, isipokuwa kwa masharti machache na kwa fidia kamili, tena inayoweza kusafirishwa nje ya nchi. Nkomo na Mugabe waligoma, wakakubali tu baada ya Uingereza na Marekani kuahidi kusaidia kugharamia ununuzi wa mashamba, na baada ya majirani waliochoshwa na vita, hasa Samora Machel, rais wa Msumbiji, kuwashinikiza. Siku ya uhuru, wakulima weupe kama 6,000 walikuwa na hekta zaidi ya milioni 15. Serikali mpya ilijiwekea lengo la kuhamishia familia 162,000 kwenye mashamba yaliyonunuliwa. Uingereza ilitoa pauni milioni 44 hivi, wenye mashamba mazuri wengi hawakuwa na haja ya kuuza, na kifungu kile kilipokwisha muda wake Aprili 1990 familia zilizopata ardhi zilikuwa kama 52,000. Walio wengi walikuwa bado wanalima ndani ya mipaka iliyopendekezwa na tume ya Carter.